Fito za Mwangati

Mwanangu Aikande,

Nakuandikia nikiwa karakana, kwenye meza ya kurandia, jua likiwa bado halijazama. Nawasikia huko ndani wewe na mama yako mkifunga begi. Kila likifungwa mnakumbuka kitu, linafunguliwa tena. Basi la Dodoma linaondoka alfajiri na mambo ya safari mama yako ameshakwambia yote: hela ukaziweke wapi, stendi usimwachie mtu mzigo, sweta, maji ya kunywa, kadi ya chanjo ya chuo, usharika gani utafute ukifika. Sina cha kuongeza hapo.

Mimi nataka kukuandikia habari za mitumbwi. Unazijua, najua, lakini unazijua kwa upande wako. Upande wangu hujawahi kuusikia kwa sababu sijawahi kuusema. Sikuandikii kwa kuwa upande wangu ni mzuri. Ungekuwa mzuri ningeusema zamani.

Unakumbuka mbao zilikotoka. Nyumba ya babu yako kule juu ya Olmotonyi ilikuwa ya mbao tupu, na baba zako wadogo walipoamua kuibomoa wajenge ya tofali, hakuna aliyezitaka zile mbao. Zilikuwa nyeusi kwa moshi na mvua, zimejaa misumari. Mmoja akasema zichomwe. Niliparua moja kwa patasi, na chini ya ule weusi ukatokea wekundu wa mwangati, na harufu yake ikanijia kama vile mti umeangushwa siku hiyohiyo. Nilikodi fuso nikazileta zote hapa Kisongo. Mama yako alipoziona zimerundikwa mpaka dirishani aliniuliza nitatengeneza kabati ngapi. Nikamwambia sijui.

Wewe ndiye uliyejua. Ulikuwa darasa la tano. Mlikuwa mmepelekwa na shule ziwa Duluti kuangalia ndege na miti, na ulichorudi nacho si ndege wala miti. Ulirudi na habari za watu uliowaona wakipiga kasia kwenye mtumbwi mwembamba, "mwepesi baba, mtu mmoja anaubeba kichwani." Ulizunguka lile rundo la mbao ukasema, "Hizi zinatosha mtumbwi."

Nikacheka. Mimi ni fundi wa vitanda na makabati. Nimezaliwa mlimani, maji niliyoyajua ni ya mfereji. Lakini jioni hiyo ukachukua simu ya mama yako ukatafuta, tukaona watu wa nchi za mbali wakijenga mitumbwi kwenye vibanda vya nyuma ya nyumba zao, kwa fito nyembamba za mbao kama mwangati huu, fito zimegundishwa ubavu kwa ubavu juu ya vifremu, kisha zinavikwa kitambaa cha faiba na kumwagiwa gundi ile ya kuchanganya inayokauka ikawa kama kioo. Tuliziangalia video zile mpaka bando likaisha. Sikuelewa lugha. Nilielewa mikono yao.

Ninachotaka ujue ni kwamba miezi ile tuliyojenga mtumbwi wa kwanza ndiyo niliyoifurahia kuliko yote katika kazi hii ya mbao, na sikukuambia. Nilidhani unaona.

Tulipasua mbao kuwa fito nyembamba kama rula zako za shule. Ulikuwa unazipokea upande wa pili wa mashine na kuzipanga kwa rangi, nyeupe za pembeni ya mti huku, nyekundu za moyo wa mti kule. Sikukuagiza. Nilikuuliza kwa nini, ukasema, "Zisichanganyikane mpaka tujue tunataka nini." Gundi ilipokataa kukauka kwa baridi ya mwezi wa saba, mlima Meru umejifunika mawingu wiki nzima, ni wewe uliyeleta jiko la mkaa la mama yako ukaliweka kwenye kona tukafunga mlango. Mama yako alikuja kulitafuta akiwa na sufuria ya maharage mkononi. Akatazama jiko, akatazama mtumbwi, akaondoka akapika kwa jirani.

Majirani walitucheka, unakumbuka. Kisongo, vumbi la uwanja wa ndege, hata bwawa la ng'ombe liko mbali. Mzee wa kanisa alipita akasimama pale langoni.

"Baba Aika, Mungu amesema nawe? Tuanze kukusanya wanyama?"

Wewe ukamjibu, "Shikamoo babu. Nafasi ni mbili tu, na zimeshajaa."

Alicheka mpaka akaegemea lango. Mimi nilijifanya nakukemea, lakini maneno yale nimewahadithia watu wengi.

Na siku tulipoupeleka Duluti juu ya kirikuu, kigari cha mizigo cha kukodi. Mtumbwi wenyewe ulikuwa umepinda. Ukipiga kasia kwenda mbele, unakwenda kushoto. Tulizunguka mbele ya watu pale ufukoni kama jongoo aliyepotea, mama yako amekaa kwenye nyasi amejifunika uso kwa kitenge kwa kicheko, na wewe mbele ukinipa amri, "Kulia baba, kulia, hapana kulia kwako." Tuliporudi nchi kavu nimelowa mpaka kiunoni. Ulisema wa pili hautapinda.

Ningeishia hapo kama ningeweza.

Mwaka mmoja au miwili baadaye Bwana Kanti alikuja kwa sababu ya siku ile. Yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye nimenunua kwake bawaba na misumari tangu nikiwa kijana. Alikuwa na vyumba vya wageni upande wa Tengeru, akasikia kuna fundi wa Kisongo amejenga mtumbwi, akaja mwenyewe na gari. Akaupapasa ule uliopinda kwa kiganja, halafu akasema, "Fundi, nitengenezee miwili. Lakini hii inakwenda kushoto, nimesikia."

Wewe ulikuwa umesimama pale na madaftari, umeingia kidato cha kwanza, sketi bado ndefu. Ukamwambia mmoja utakuwa na mlima ubavuni. Akakuuliza mlima gani. Ukamwonyesha kwa kidole, Meru wenyewe, ulikuwa wazi siku ile. Akasema, "Haya, nitautafuta huo mlima."

Kuanzia siku ile ilikuwa kazi. Nataka nikueleze mtu anavyobadilika bila kujiona, kwa sababu mimi sikujiona. Ule wa kwanza ulikuwa wetu, ukipinda umepinda. Hii ilikuwa ya mtu, mtu ambaye mafundi wote wa mjini wanamjua, na niliona wote wamesimama nyuma yake wakinitazama. Nikaanza kukuambia "ngoja" na "acha" na "lete nifanye mimi." Nikaanza kupitisha kidole kila mahali ulipogusa.

Hata hivyo nilikuachia ubavu wa kushoto wa mtumbwi wa pili. Nilikuachia kweli, nilisema huu ni wako. Ukakata fito vipande vifupi vifupi, vyeupe na vyekundu, ukaviunga kichwa kwa kichwa, na polepole mlima ukaanza kupanda kutoka mkiani, ukafika kileleni karibu na katikati, ukashuka kwa mbele. Kila ukirudi shule unabadili nguo unakuja. Ulikuwa ukiimba kitu cha kwaya, mstari mmoja tu, huendelei.

Mimi niliutazama mlima ule nikaona kasoro. Pale kileleni mstari ulicheza kidogo. Viungo vilikuwa vingi. Nilijiambia viungo vingi vinadhoofisha, na nilijua si kweli, kwa kuwa nguvu ya mtumbwi wa namna hii iko kwenye faiba. Nilijiambia Bwana Kanti ataona mchezo wa mtoto. Hilo ndilo lililokuwa kweli. Niliogopa mtu aone mkono wa mtoto kwenye kazi yangu.

Nilisubiri uende shule. Nikachukua patasi na nyundo nikaung'oa wote, tangu mkiani mpaka mbele. Ilinichukua asubuhi nzima maana ulikuwa umegundisha vizuri. Mahali pengi mbao ilikatika yenyewe, gundi yako ikabaki imeshika. Nikaweka fito ndefu nyekundu, zimenyooka, safi, kama za kiwandani. Vipande vyako nilivitupa kwenye kuni.

Mama yako hakujua. Alirudi zamu ya zahanati, akakuta kuni kavu, akawashia.

Ulivyorudi hukuja karakana kwanza. Ulipitia jikoni, nadhani ulitaka maji. Nilikuwa pale mlangoni kwangu nikakuona umesimama katikati ya uwanja, begi mgongoni, unanusa. Mwangati ukichomwa harufu yake haifichiki, hata kipofu angejua. Uliinama ukatazama jikoni. Halafu ukaja kwangu. Hukuutazama mtumbwi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umerudi mapema."

"Ndiyo."

Ukachukua ndoo ukaenda bombani. Basi. Hukulia, hukuuliza. Ungepiga kelele ningekukemea, tungegombana, na pengine katikati ya ugomvi ningesema neno la kweli. Uliniachia kimya nikakaa nacho, na mimi nikakitumia kujiambia kwamba hujaumia.

Nimejifunza kazi hii Kaloleni, kwenye chumba cha kupanga, chini ya fundi mmoja mkali anaitwa Saidi. Ukiunga kiungo kibaya anakichukua mbele ya mafundi wote na wateja, anakipiga nyundo kinapasuka, anakwambia anza upya. Siku nyingine nilirudi kwangu nikilia njia nzima, mtu mzima mwenye ndevu. Niliapa sitamfanyia mtu hivyo. Na nilijisifu kwamba sikukufanyia hivyo, kwa kuwa mimi sikukuvunjia mbele za watu. Lakini Fundi Saidi alikuwa akivunja na mimi nimesimama pale. Nilikuwa na nafasi ya kumtazama usoni. Nilijua kosa langu ni lipi na la kwake ni lipi. Wewe sikukupa hata hiyo.

Kama ingeishia kwenye kuni, Aikande, nisingeona haya hivi kuandika. Kung'oa kulikuwa ni woga wangu na haraka. Kuna la baadaye.

Bwana Kanti alikuja kuchukua mitumbwi yake. Mama yako akakwambia upeleke chai. Alizunguka huu, akazunguka ule, akaridhika. Halafu akasimama ubavu wa kushoto, akainama.

"Fundi, ule mlima uko wapi? Mtoto aliniambia kutakuwa na mlima."

Nilikuona unaingia na sinia. Nilikuona kabisa, sikusema bila kujua. Nikamwambia, "Ah, fito zilipasuka, mzee. Mtoto alizikata vibaya. Ikabidi nizitoe."

Akasema, "Pole. Mtoto anajifunza."

Ukaweka sinia juu ya meza hii ninayoandikia. Ukammiminia chai, ukanimiminia mimi, sukari uliniwekea vijiko vyangu kama kawaida. Ukatoka, na hukurudi kuchukua vikombe. Nilivirudisha mwenyewe. Tangu siku ile mguu wako haukukanyaga humu mpaka mwezi uliopita.

Watu waliniuliza, binti yako mbona hatumwoni tena. Nikasema amekua, masomo ni mengi. Kwa mama yako nilisema mambo ya wasichana. Alinitazama tu. Nilikununulia viatu vile vya bluu ulivyokuwa ukivitaka, unakumbuka, bila sikukuu wala nini. Ulisema asante baba. Ulivivaa mpaka vikakubana. Nilikuwa nikiviona mlangoni nadhani vimefanya kazi niliyovituma.

Nilijaribu kuutengeneza mlima wako. Hilo hulijui. Ukiwa kidato cha pili nilichukua fito nyeupe na nyekundu, nikafunga mlango, nikajaribu kwenye ubao wa pembeni. Mimi ni fundi, nikadhani ni suala la vipimo. Nilipima, nikakata, nikaunga, na kilichotoka ni kama meno ya msumeno. Hakikuwa mlima. Nikatoka mlangoni nikautazama Meru wenyewe, nikagundua nimeishi chini yake maisha yangu yote na sijui bega lake la kulia linashukaje. Wewe ulijua. Ule mstari niliodhani umecheza pale kileleni haukuwa umecheza. Mlima uko hivyo.

Nikaja mpaka mlango wa chumba chako na kile kibao nimekishika nyuma ya mgongo. Ulikuwa unasoma. Ukainua uso. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa nimeyapanga tangu karakana. Nikasema, "Chai imeiva?"

Ukasema, "Nitaangalia, baba."

Kile kibao nilikichoma mwenyewe, nje, mbali na jiko.

Halafu mwezi uliopita. Kile nilichofanya mwezi uliopita ndicho kilichonikalisha niandike, maana ya zamani mtu anaweza kusema alikuwa mjinga wakati ule.

Nilikuwa nimeutandika mtumbwi huu uliopo hapa nyuma yangu kitambaa cha faiba, nimechanganya gundi, nimeimwaga, nimesambaza nusu ya upande mmoja. Unajua ikishachanganywa haisubiri mtu. Nikakanyaga tone langu mwenyewe sakafuni nikateleza, nikaangukia mkono, nikasikia kifundo kinalia. Mama yako alikuja mbio, na wewe nyuma yake. Wewe uliishia mlangoni. Niliona umesimama pale kwenye kizingiti kama mtu aliyefika mpaka wa nchi. Ukanitazama mimi chini, ukatazama gundi inavyochuruzika ubavuni kwenda kuganda mabonge.

Ukavua kandambili, ukaingia.

"Mama, mpeleke baba hospitali. Nitaimalizia mimi."

Nilitolewa nimekukazia macho. Ulikuwa umeshashika kile kibao cha kusambazia, umeanzia katikati kwenda pembeni, mkono mwepesi, kama tulivyoona kwenye video zile ukiwa mdogo. Hukuwa umesahau chochote.

Tuliporudi nina plasta mpaka kiwikoni, umemaliza pande zote mbili. Hakuna kiputo cha hewa hata kimoja. Kitambaa kimepotea, mbao inaonekana chini yake nyekundu kama imelowa maji. Umesafisha vyombo vyangu. Umewasha jiko umeliweka kwenye kona, kwa kuwa kulikuwa na baridi. Ulikuwa hapo nje unanawa gundi mikononi kwa siki, unasubiri, nadhani. Ulikuwa unasubiri.

Nikazunguka mtumbwi wote. Nikaja nikasimama karibu nawe. Na hivi ndivyo nilivyosema, baada ya miaka yote ile: "Jiko umeliweka mbali sana. Ungelisogeza kidogo."

Ukasema, "Sawa, baba." Ukafuta mikono, ukaingia ndani.

Mama yako alisikia. Alikuwa amenishika mkono mzima kunisaidia kupanda ngazi. Akauachia. Akasema taratibu, bila hasira, "Mkono mmoja umevunjika, na huo mwingine bado unasukumia watu."

Alikuwa hajawahi kuniambia neno kuhusu mambo yale. Nilidhani hajui. Usiku huo aliniambia anajua tangu siku ya kuni. Aliona rangi kwenye majivu, kipande kimoja hakikuungua chote, cheupe kimeungwa na chekundu. Alisubiri niseme mwenyewe. Amesubiri miaka.

Wiki iliyofuata nilipanda kwenda mjini na plasta yangu. Nilimkuta Bwana Kanti dukani, amezeeka, anakaa kwenye kiti pembeni, biashara ameshika mwanawe. Tukasalimiana, akanipa pole ya mkono. Nikamwambia nimekuja kusahihisha jambo. Nikamweleza: ule mtumbwi, ule mlima, nilikuambia, mzee, mtoto alikata fito vibaya zikapasuka. Si kweli. Mtoto hakukosea. Nilizing'oa mimi.

Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akasema, "Mlima gani, fundi?"

Nikamkumbusha. Akakumbuka mitumbwi, alishaiuza zamani pamoja na vile vyumba vya wageni. Mlima hakuukumbuka. Mtoto alimkumbuka kidogo. "Yule binti mwenye maneno? Hajambo?" Akaagiza tuletewe chai.

Nilikaa pale na kikombe nikiwa mpumbavu. Neno lile nilikuwa nimelibeba nikidhani liko kwake, kwamba heshima yako iko kwake na lazima niende kuichukua. Yeye alilisahau kabla chai ya siku ile haijapoa. Aliyelisikia likabaki ni wewe peke yako, na ulikuwa unalala chumba cha pili, na nilipanda gari kwenda mjini kumwomba radhi mtu mwingine. Mimi ndivyo nilivyo. Nitazunguka kilomita ngapi ili nisivuke uwanja.

Sitaki kukufanyia mahubiri hapa, sina mimbari. Lakini unakwenda kusomea uuguzi, na huko utafanya kazi chini ya watu. Wengine wataifumua kazi yako ukiwa hujaiona. Ikitokea, mwanangu, usinyamaze kama ulivyonyamaza kwangu. Sisemi ulikosea kunyamaza. Ulikuwa mtoto na mimi nilikuwa baba yako, ungesema nini. Nasema sasa umekua. Uliza. Sema, "Kazi hii ilikuwa yangu, imekuwaje?" Muulize hata mkubwa. Muulize hata mimi.

Na siku moja wewe ndiye utakuwa umemkosea mtu. Utakosea, maana wewe ni damu yangu na ni binadamu. Utaona ni jambo dogo, litajipoza. Mimi nililiacha lijipoze, na limepoa kweli, limekuwa gumu kama ile gundi. Ikiwa bado mbichi unaipangusa kwa kitambaa. Sasa nahitaji msasa na siku nyingi, na unaondoka alfajiri.

Hilo ndilo ninaloumia nalo zaidi. Si mlima. Mlima ungeweza kutengeneza mwingine. Ni jioni zile zote. Ukirudi shule, unabadili nguo, unakuja. Nilizikata mwenyewe, na nilikuwa na mtoto ndani ya nyumba miaka yote hiyo, namwona kila siku, na nikamkosa.

Basi nisikilize. Fito zako hazikupasuka. Ulizikata vizuri na ukaziunga vizuri kuliko nilivyokuwa naunga mimi mwenyewe umri huo. Ulikuwa mlima kweli. Niliung'oa kwa woga, nikakusingizia kwa aibu, ukiwa umesimama unanisikia, na ulikuwa na haki ya kuondoka. Nisamehe, Aikande. Na kama huwezi sasa, usijilazimishe kwa kuwa mimi ni baba. Chukua muda wako.

Mtumbwi huu ulioumalizia sitauuza. Sikuambii hivyo ili urudi kuufanya kazi. Nenda kasome. Nilitaka tu ujue kuna mahali kwenye pua yake kitambaa kilijikunja kidogo, na juzi plasta ilipotolewa nikachukua msasa nikaenda kupalainisha, nikasimama pale, nikaurudisha msasa mahali pake. Pamebaki ulivyopaacha.

Nilipoanza kuandika nilipanga niifiche barua hii kwenye begi lako, uisome njiani, mimi nikiwa salama huku. Nimefika hapa nikajiona. Ni yaleyale, kung'oa ukiwa shuleni.

Mama yako anatuita tukale. Nimekusikia umeitika. Nitaikunja barua hii niiweke mfukoni, niingie ndani, na kabla hatujaombea chakula nitakwambia haya kwa mdomo wangu, mama yako akisikia. Sitayasema vizuri kama hapa. Pengine nitaanza na habari za chai. Unistahimili nifike.

Nikishayasema ndipo nitakupa karatasi hizi, uende nazo. Na kama unazisoma bila kuyasikia kwangu, ujue nimeshindwa tena, na mama yako ndiye aliyekupa. Basi nipigie simu, mwanangu, saa yoyote, hata basi likiwa bado halijatoka stendi. Uniulize. Nitajibu.

Ni mimi baba yako.